Mstari Mmoja si Hukumu: Safari ya Mkojo Kutoka Kikombeni Hadi Jibu la Maabara

Kijana wa mtaa wa Jericho ameitwa kazini katika kampuni moja ya Industrial Area. Kabla ya kutia sahihi mkataba, anapewa kikombe cha plastiki na kuelekezwa chooni. Dakika tano baadaye, stripu iliyochovywa kwenye mkojo wake inaonyesha mstari mmoja badala ya miwili, na anaambiwa kwamba ana dawa ya kulevya mwilini. Kijana huyu hajagusa dawa yoyote ya kulevya. Wiki hiyo yote alikuwa akinywa vidonge vya mafua alivyonunua katika duka la dawa.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini jambo lenyewe linaweza kumpata mkazi yeyote. Mkojo hupimwa kazini, michezoni, hospitalini, katika kliniki za matibabu ya uraibu na wakati mwingine katika uchunguzi wa polisi. Jibu lake linaweza kumnyima mtu kazi, kumfungia mchezaji au kubadilisha matibabu ya mgonjwa. Ndiyo maana inafaa kila mkazi ajue kipimo hiki hufanyaje kazi, kinaweza kukosea wapi, na kwa nini stripu ni mwanzo tu wa safari inayoishia maabara.

Kinachotokea ndani ya stripu

Ile sehemu nyeupe inayofanana na karatasi ndani ya stripu ni utando wa naitroselulosi. Hii ni polima, yaani kitu kilichoundwa kwa vipande vidogo vingi vilivyoungana kama shanga katika uzi, na hutokana na selulosi inayopatikana kwenye pamba na miti. Utando huo umejaa vitundu vidogo sana. Mkojo ukiugusa, huvutwa na kupanda wenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi.

Njiani mkojo hubeba kingamwili zilizofungwa kwenye chembe za rangi, mara nyingi chembe ndogo mno za dhahabu ambazo huonekana nyekundu. Kila kingamwili imetengenezwa kushika dawa ya aina fulani. Mbele kidogo, kwenye mstari ulioandikwa T, watengenezaji wamegandisha dawa hiyohiyo juu ya utando.

Kingamwili zinaweza kufananishwa na bodaboda, na mstari wa T na stejini ambako abiria wanangoja. Bodaboda isiyo na abiria husimama stejini. Iliyokwisha kubeba abiria hupita. Mkojo usipokuwa na dawa, kingamwili zote hufika zikiwa tupu, zikasimama kwenye T, na rangi yake ikaonekana kama mstari. Mkojo ukiwa na dawa ya kutosha, kingamwili huwa zimejaa tayari, hivyo zikapita na T ikabaki nyeupe.

Kwa sababu hiyo, stripu ya dawa za kulevya husomwa kinyume cha ile ya ujauzito. Mistari miwili, C na T, maana yake ni kwamba dawa haikuonekana kwa kiwango kilichowekwa. Mstari wa T ukiwa hafifu bado unahesabiwa kuwa mstari. Mstari mmoja wa C pekee ndio unaoleta shaka. Mstari wa C nao usipojitokeza, kipimo kimeharibika na jibu lolote halifai. Mtu anayesoma stripu hii akidhani ni kama ile ya ujauzito anaweza kumhukumu asiye na kosa na kumwachilia mwenye kosa.

Kiwango cha mpaka

Stripu haiwezi kumwambia mtu dawa ni kiasi gani. Imetengenezwa kubadilika dawa inapovuka kiwango fulani cha mpaka. Kwa bangi, kiwango kinachotumika sana ni nanogramu 50 kwa kila mililita ya mkojo. Nanogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara bilioni moja. Ili kuelewa udogo huo, mkazi afikirie malori mawili ya maji, kila moja likiwa na lita 10,000. Gramu moja ya sukari ikikorogwa humo na kuenea sawasawa, kila mililita itakuwa na nanogramu 50 za sukari.

Kinachotafutwa mara nyingi si dawa yenyewe bali mabaki yake baada ya ini kuifanyia kazi. Mabaki hayo hukaa mwilini kwa muda tofauti. Ya kokeni huonekana kwenye mkojo kwa takriban siku 2 hadi 4. Ya heroini huonekana kwa siku 2 au 3. Ya bangi yanaweza kuisha ndani ya siku chache kwa aliyevuta mara moja, lakini kwa mvutaji wa kila siku huweza kuendelea kuonekana kwa mwezi mmoja au zaidi, kwa sababu hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Kwa hiyo kipimo cha mkojo hueleza kwamba dawa ilipita mwilini. Hakielezi kama mtu alikuwa amelewa saa ile alipokuwa kazini au barabarani.

Kwa nini stripu hukosea

Kingamwili hutambua dawa kwa umbo lake. Dawa nyingine zenye umbo linalokaribiana zinaweza kuihadaa. Pseudoefedrini, ambayo imo katika dawa nyingi za mafua na pua iliyoziba, inaweza kuonekana kwenye baadhi ya stripu kama amfetamini. Rifampisini inayotumika kutibu kifua kikuu, pamoja na baadhi ya antibiotiki kama ofloksasini na levofloksasini, zimewahi kuonekana kama dawa za jamii ya heroini katika baadhi ya vipimo. Efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya ukimwi iliyotumika kwa miaka mingi, imewahi kuonekana kama bangi.

Kuna pia majibu ambayo ni ya kweli lakini hueleweka vibaya. Anayekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini atakuwa na kodeini na mofini kwenye mkojo wake, ingawa hajawahi kugusa heroini. Kinyume chake, methadoni haionekani kwenye stripu ya kawaida ya mofini. Huhitaji stripu yake yenyewe.

Kutokana na hayo, kanuni inayofuatwa katika maabara kote duniani ni moja: jibu la stripu ni la awali. Likionyesha dawa, sampuli ileile hupelekwa kwenye kipimo cha pili chenye misingi tofauti kabisa, ambacho hakitegemei kingamwili. Hapo ndipo kazi ya kutoa dawa kwenye mkojo inapoanza.

Kutoa dawa kwenye mkojo

Mashine ya kuthibitisha haiwezi kutiliwa mkojo kama ulivyo. Mkojo una chumvi, rangi, na yurea ambayo huweza kufika gramu 10 au zaidi kwa lita. Katika mkojo wenye nanogramu 50 za dawa kwa mililita, yurea hiyo ni mara 200,000 ya dawa inayotafutwa. Chumvi na uchafu mwingine huziba mashine na kufunika ishara ya dawa. Inabidi dawa itolewe, isafishwe na kukusanywa mahali padogo.

Kanuni yake inaonekana katika sufuria yoyote ya mchuzi. Mchuzi ukitulia, mafuta yanayoelea juu huwa na rangi ya nyanya na ya bizari ya manjano, ilhali chumvi hubaki kwenye maji. Kila kitu huenda kinakopenda. Dawa nyingi zina tabia ya kipekee: zinaweza kubadilishwa upendeleo wake. Zikiwa kwenye maji yenye alkali, kama ya magadi, dawa kama amfetamini, methadoni na kodeini hupoteza chaji ya umeme na kupenda mafuta. Zikiwa kwenye asidi hupata chaji na kupenda maji.

Kwa miaka mingi maabara zilitumia tabia hiyo kwa kutikisa mkojo pamoja na kiyeyushi chenye tabia ya mafuta ndani ya chupa, kisha kukitenga. Njia hiyo hutumia kiyeyushi kingi, na baadhi ya viyeyushi ni sumu na huwa tatizo kuvitupa. Njia nyingine, inayotumika sana leo, hupitisha mkojo kwenye kichungi kidogo chenye punje za polima ambazo hunasa dawa, kisha dawa hiyo huoshwa na kutolewa kwa kiyeyushi kidogo.

Njia ya tatu ndiyo ya utando. Mwaka 1986, Gudjon Audunsson wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden alieleza jinsi ya kutumia utando wa polima uliolowa kimiminika cha mafuta kutenganisha maji na maji, huku kemikali zinazotafutwa zikivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mwaka 1999, Stig Pedersen-Bjergaard na Knut Einar Rasmussen wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walirahisisha kifaa hicho hadi kikawa kijimrija kidogo cha plastiki, na wakakijaribu kwa kutoa methamfetamini kwenye mkojo na damu.

Mrija huo ni wa polipropilini, jamii ileile ya plastiki inayotengenezewa magunia ya kufumwa ya mchele na sukari. Uwazi wake wa ndani ni takriban milimita 0.6 na ukuta wake milimita 0.2. Ukuta huo una vitundu vyenye upana wa takriban mikromita 0.2, mamia ya mara vyembamba kuliko unywele. Kazi hufanyika kwa hatua chache:

1. Mrija huchovywa kwa sekunde chache kwenye kiyeyushi chenye tabia ya mafuta. Vitundu vya ukuta hukinyonya na kubaki vimejaa.

2. Ndani ya mrija hutiwa asidi kidogo, kama mikrolita 25. Hicho ni kiasi cha nusu tone.

3. Mkojo, kwa mfano mililita 2.5 ambazo ni nusu ya kijiko cha chai, huongezwa alkali ili dawa ipoteze chaji.

4. Mrija huwekwa ndani ya mkojo na chombo hutikiswa kwa muda, mara nyingi chini ya saa moja.

Wakati huo dawa huingia kwenye mafuta yaliyo ukutani, ikapenya hadi ndani, na pale inapogusa asidi hupata chaji. Ikishapata chaji haipendi tena mafuta, kwa hiyo haiwezi kurudi ilikotoka. Chumvi, yurea na protini haziwezi kupita kwenye mafuta hayo, hivyo hubaki nje. Kwa dawa zenye tabia ya asidi, kama mabaki ya bangi, mpangilio hugeuzwa: asidi huwekwa nje na alkali ndani.

Faida yake inaonekana kwa hesabu rahisi. Dawa iliyokuwa imetawanyika katika mikrolita 2,500 za mkojo sasa imo katika mikrolita 25. Kama yote ingevuka, ingekuwa imekolea mara 100. Kwa kawaida haivuki yote, lakini hata nusu yake ingeongeza ukolevu mara 50, tena katika maji masafi yaliyo tayari kwa mashine. Kiyeyushi kilichotumika ni kile kidogo tu kilichonyonywa na ukuta wa mrija, na mrija wenyewe hutumika mara moja na kutupwa, hivyo dawa ya mtu mmoja haichanganyiki na sampuli ya mwingine.

Mwaka 2006 watafiti wa Oslo waliongeza umeme. Waya mmoja uliwekwa kwenye sampuli na mwingine ndani ya mrija, na dawa zenye chaji, methadoni ikiwa mojawapo, zikavutwa kupita ukutani kwa dakika chache badala ya kungoja zivuke zenyewe. Huko Canada, Janusz Pawliszyn wa Chuo Kikuu cha Waterloo alikuwa tayari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, ameonyesha kwamba uzi mwembamba uliopakwa polima unaweza kuchovywa kwenye sampuli, ukanyonya kemikali na kupelekwa moja kwa moja kwenye mashine.

Afrika nayo imo katika kazi hii. Mwaka 2004, Titus Msagati na Mathew Nindi, waliokuwa Chuo Kikuu cha Botswana, walichapisha utafiti wa kutoa na kupima dawa za jamii ya salfa katika sampuli mbalimbali za kibayolojia kwa kutumia utando uliobeba kimiminika. Dawa hizo hutumika pia kwa mifugo, na kanuni inayozipima kwenye sampuli za ng'ombe ni ileile inayopima dawa kwenye mkojo wa binadamu.

Kupima: dawa gani, na kiasi gani

Tone lililotoka kwenye utando huingizwa kwenye kromatografu. Hii ni mashine inayopitisha mchanganyiko kwenye njia ndefu na nyembamba. Hali yake ni kama umati unaotoka uwanjani kupitia mtaa wenye wachuuzi wengi. Wengine husimama kwa kila mchuuzi, wengine hupita moja kwa moja, na mwishoni kila kundi hutokea kwa wakati wake. Baada ya hapo kila kundi huingia kwenye spektrometa ya masi, ambayo hupima uzito wa molekuli na wa vipande vyake inapovunjwa.

Hapa ndipo kijana wa vidonge vya mafua anapopata haki yake. Pseudoefedrini ina uzito wa molekuli wa 165 na methamfetamini ina 149. Tofauti yake ni atomu moja tu ya oksijeni. Kingamwili inaweza kuzichanganya, mashine haiwezi. Hata hivyo uzito pekee hautoshi. Efedrini na pseudoefedrini zina uzito sawa kabisa wa 165, lakini hutoka kwenye kromatografu kwa nyakati tofauti. Ndiyo sababu maabara hudai ushahidi wa aina mbili, wakati wa kutoka na uzito wa vipande, kabla ya kutaja jina la dawa.

Ili kujua kiasi, mtaalamu huandaa sampuli za mfano zenye dawa ya viwango vinavyojulikana, kidogo hadi nyingi, akazipitisha kwenye mashine na kuchora mstari wa kulinganishia. Sampuli ya mtu husomwa dhidi ya mstari huo. Tena, kabla ya kuanza kutoa dawa, huongeza kwenye mkojo kiasi kinachojulikana cha dawa hiyohiyo iliyotengenezwa kwa hidrojeni nzito. Dawa hii ya alama hufanya kila inachofanya dawa ya kawaida, ila mashine huiona kuwa nzito kidogo. Ikiwa nusu ya dawa ilipotea njiani kwenye utando, nusu ya dawa ya alama pia itakuwa imepotea, na hesabu itajirekebisha. Kwa njia hiyo utando hauhitaji kutoa dawa yote ili jibu liwe sahihi.

Kwa nini kiasi kina uzito: miraa na mchezaji wa Camp Toyoyo

Wachezaji wanaopiga mpira katika uwanja wa Camp Toyoyo, Jericho, wana sababu ya pekee ya kujua tofauti kati ya kuonekana kwa dawa na kiasi chake. Miraa ni zao halali nchini Kenya na huuzwa waziwazi katika mitaa ya Eastlands. Jani lake bichi lina kathinoni, ambayo jani linaponyauka na linapofika mwilini hubadilika kuwa kathini na kemikali zinazofanana nayo. Kathinoni na kathini zote zimo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, WADA, ya vitu vilivyopigwa marufuku wakati wa mashindano.

Kathini huhesabiwa kuwa kosa inapozidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Hiyo ni sawa na gramu moja iliyoyeyushwa katika pipa la lita 200. Efedrini ina kiwango cha mikrogramu 10, ilhali pseudoefedrini, ile ya dawa za mafua, ina kiwango cha mikrogramu 150. Kwa vitu kama hivi, kusema "kipo" hakutoshi kumfungia mchezaji. Lazima kiasi kipimwe, na maabara huacha nafasi ya makosa madogo ya kipimo kabla ya kutangaza kwamba mpaka umevukwa. Kwa vitu vingine, kama steroidi nyingi za kuongeza misuli, hakuna kiwango kinachoruhusiwa.

Kenya imejifunza somo la vipimo kwa gharama. Mwezi Mei 2016, WADA ilitangaza kwamba nchi haikutimiza kanuni zake, na hadhi hiyo ikarejeshwa mwezi Agosti mwaka huohuo baada ya sheria kurekebishwa. Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya 2016 ndiyo iliyoweka shirika la taifa linalosimamia kazi hii, ADAK. Mwaka 2018 maabara moja ya Nairobi iliidhinishwa kupima damu kwa ajili ya pasipoti ya kibayolojia ya wanariadha. Mkojo wa wanamichezo husafirishwa hadi maabara zilizoidhinishwa nje ya nchi.

Utaratibu wa kuchukua sampuli hiyo unafaa kuigwa kwingineko. Mwanamichezo hutoa angalau mililita 90 mbele ya afisa. Yeye mwenyewe huchagua vifaa na kumimina mkojo katika chupa mbili, A na B, zenye mihuri na nambari bila jina. Chupa A ikionyesha dawa, ana haki ya kutaka chupa B ifunguliwe na kupimwa, naye au mwakilishi wake akiwepo. Anayetumia dawa iliyokatazwa kwa sababu ya ugonjwa anaweza kuomba kibali cha matibabu, na kwa kawaida ombi hilo hufanywa mapema.

Kipimo kama msaada

Si kila kipimo cha mkojo kinatafuta kosa. Tangu mwaka 2014 kliniki ya Hospitali ya Mathari imekuwa ikitoa methadoni kwa watu wanaoacha heroini, na huduma hiyo hutolewa pia katika Kituo cha Afya cha Ngara. Kwa mgonjwa wa aina hii mkojo hupimwa ili mhudumu ajue kama bado anatumia heroini juu ya methadoni, kwa sababu kuchanganya dawa hizo kunaweza kuzima pumzi na kuua. Jibu lenye dawa halipaswi kuwa sababu ya kufukuzwa. Linampa mhudumu nafasi ya kurekebisha dozi na kuzungumza na mgonjwa.

Vivyo hivyo, mgonjwa anayefikishwa hospitalini akiwa amepoteza fahamu anaweza kupimwa kwa stripu ili daktari apate fununu ya haraka. Hata hapo daktari humtibu mgonjwa kulingana na hali yake, wala hangoji mstari kutokea.

Haki za anayepimwa

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Kifungu cha 31 cha Katiba hulinda faragha ya kila mtu. Kwa walio kazini, sehemu ya 41 ya Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa, huku mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua akiwepo, na kusikiliza anachosema.

Mkazi anayetakiwa kupimwa mkojo anashauriwa kuzingatia haya:

• Ataje dawa zote alizotumia katika wiki chache zilizopita, zikiwemo za mafua, kikohozi, kifua kikuu na maumivu, na abebe karatasi ya daktari au pakiti ya dawa.

• Ahakikishe kikombe ni kipya, na kwamba sampuli imefungwa na kuandikwa alama yake mbele ya macho yake.

• Asinywe maji kupita kiasi akitumaini kuusafisha mkojo. Maabara hupima kreatinini na uzito wa mkojo, na sampuli iliyozimuliwa mno hukataliwa au hutiliwa shaka.

• Aangalie stripu ikisomwa, na akumbuke kwamba mistari miwili, hata mmoja ukiwa hafifu, si dalili ya dawa.

• Stripu ikionyesha dawa, aombe sampuli ileile ithibitishwe kwa kromatografia na spektrometa ya masi, na aombe jibu kwa maandishi likitaja jina la dawa, kiasi chake na kiwango cha mpaka kilichotumika.

Mwajiri naye hufaidika kwa kufuata hatua hizi. Dereva wa basi au mwendeshaji mashine anayetumia dawa za kulevya kweli ni hatari kwa wenzake, na jibu lililothibitishwa haliyumbi hata likifikishwa mahakamani. Lile la stripu pekee ni rahisi kulipinga.

Kwa kijana wa vidonge vya mafua, uthibitisho ungeonyesha molekuli yenye uzito wa 165 iliyotoka kwa wakati wa pseudoefedrini, na hakuna chochote mahali pa amfetamini wala methamfetamini. Jibu la mwisho lingesema kwamba hana dawa ya kulevya, na kalamu ya kutia sahihi mkataba ingebaki mkononi mwake.

Mkazi anayehitaji ushauri kuhusu dawa anazotumia anaweza kuanzia kwa mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu naye, kama vile Kituo cha Afya cha Jericho. Anayetaka msaada wa kuacha dawa za kulevya au pombe, kwa ajili yake au jamaa yake, anaweza kupiga simu bila malipo kwa NACADA kupitia nambari 1192.